Jina Nililoipa Seva

Mnicheke tu, nimeshazoea. Ofisini kwetu, mtaa wa Kasuku, mashirika kadhaa hutumia seva moja ya barua pepe, na mwenye kuitunza ni mimi. Feza, mhasibu wetu, alikuwa amepata anwani ya kaka yake, ambaye walipotezana naye wakati wa vita. Kila alipomwandikia, barua ilirudi. Akaanza kuamini kwamba kaka hamtaki.

Nilipochunguza nikagundua kosa ni langu. Namba ya seva yetu sikuwa nimeisajilia jina, kwa hiyo seva za wengine ziliona mgeni asiyejulikana, zikamfungia mlango. Nikawaandikia wanaotupa mtandao waisajili. Kwa haraka nikanakili jina nililokuwa nimeipa seva katika majaribio yangu, ambalo nilidhani hakuna atakayeliona ila mimi.

Barua ikapita. Kesho yake asubuhi simu ya Feza ikalia, akaiweka kwenye spika tusikie wote.

"Feza, njo weye kweli?" kaka akauliza, asiamini kama ndiye.

"Njo miye, yaya!" Feza akamjibu kaka yake mkubwa.

Akalia, nasi tukapiga makofi. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mchele.

"Nilizani iko muntu wa uongo," kaka akasema. "Nikaangalia barua inatoka kwa seva gani, nikakuta inaitwa mupenzi-wa-feza. Njo nani huyo?"

Makofi yakakoma. Feza akafuta machozi, akanitazama, akaanza kucheka.

"Yaya, iko hapa mbele yangu. Anatoka jasho."