Jemadari Bila Karani

Bariadi nzima hakuna anayejua ng'ombe kunizidi. Darasa la tano niliiacha shule mwenyewe, haikuniacha yenyewe. Kwa hiyo Felisita, mtoto wa dada yangu, aliponiambia anafuga wanyama ndani ya kompyuta, nilicheka mpaka nikashika mlango wa stationari yake nisianguke.

Felisita ana miaka arobaini na moja. Anachapa barua na kutoa kopi karibu na stendi, na wateja wakipungua anafungua gemu lake. Humo unaunda mnyama kwa vijiti vya mifupa na kamba za misuli, unamweka kwenye ardhi inayovuta chini kama hii yetu, basi. Hafundishwi kutembea. Wanatoka ishirini kwa mkupuo, kila mmoja na kasoro yake. Waliofika mbali kompyuta inawazalisha, waliobaki inawafuta. Kizazi cha kwanza wanaanguka kifudifudi. Cha hamsini wanakimbia.

"Haya Mjomba, cheka sasa."

"Nacheka. Huyo anatembelea kichwa, kama baba yako siku ya harusi."

Lakini Felisita hakuwa anacheza. Baba yake, shemeji yangu Mzee Ngassa wa Ngulyati, alikuwa na maksai mweusi wa plau, jina lake Jemadari. Mguu wake wa nyuma ulikuwa unachelewa: unainuka, unatulia hewani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ndipo unakanyaga. Felisita alipokuwa mdogo alitangulia mbele ya maksai kwenye shamba la pamba, na hatua ile ilimfuata mgongoni utoto wote. Baadaye ukame ukamaliza zizi. Picha hata moja hatuna. Na sasa macho ya mzee yanafifia. Daktari alishasema hayatarudi. Felisita alitaka baba yake aione hatua ile mara moja tu kabla hayajazimika.

Miezi mitano alihangaika. Kila akizaliwa mmoja mwenye mguu wa kuchelewa, kompyuta inamfuta, maana huko kuchelewa ni kushindwa.

"Nipishe," nikamwambia. "Nimechagua madume ya mbegu kabla hujazaliwa."

Nikawa namchagua kwa mkono yule mvivu wa mguu, awe baba wa wote. Vizazi kumi baadaye wote walikuwa chali, wanapunga miguu.

"Umewafundisha kulala, Mjomba."

"Nimewapumzisha. Walichoka."

Hakucheka. Wiki ile mzee alikuwa amekalia mbuzi akidhani ni kigoda. Felisita akawarudisha wale wa awali wanaokimbia, tukabeba kompyuta hivyo hivyo, tukaenda Ngulyati.

"Mwangaluka, baba," Felisita akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Na huyo mwenye kelele ni shemeji?"

Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Mnyama akapita, miguu minne, mwendo safi, haraka.

"Ni nani huyu?"

"Ni Jemadari, baba," Felisita akasema. "Ila mguu umekataa kuchelewa."

Mzee akapapasa kioo kando ya mnyama.

"Na Karani yuko wapi?"

Tukatazamana. Karani alikuwa maksai mwenzake kwenye nira, mfupi, mwenye miguu ya kuku.

"Jemadari hakuwa mgonjwa wa mguu," mzee akasema. "Alikuwa anamsubiri Karani, nira isimnyonge. Ninyi mmemtembeza peke yake. Mlitaka amsubiri nani?"

Na mimi, bingwa wa ng'ombe, nilishika plau nyuma ya wale wawili misimu sita. Sikuwahi kuliona hilo, nakiri. Andikeni tarehe.

Felisita akakaa mkekani, akaunda wa pili, mfupi, akaweka kijiti kimoja juu ya shingo za wote wawili. Mwanzoni walibingirishana. Kizazi cha thelathini wakawa wanakwenda, wanavutana. Cha sitini na kitu, mguu wa nyuma wa yule mrefu ukainuka.

Ukatulia.

Ukakanyaga.

Mzee akagonga ulimi mara mbili, vile tulivyokuwa tukiwaita maksai wageuke.

"Wageuze, Felisita," akasema. "Wamefika mwisho wa tuta."

Felisita akajifuta uso kwa kanga, akawarudisha mwanzo. Na mimi, msinicheke, nikajikuta nimekunja ngumi mbili mbele yangu, hewani, pale inapokaa mishikio ya plau.