Seva Isiyojua Kusema Hapana

Saa mbili asubuhi, mjini Dessie, Ethiopia, Woinshet Gebreyes anavua viatu mlangoni, anajitanda shali yake vizuri, kisha anaiinamia seva inayonguruma.

"Haya, leo umemeza barua za nani?" anaiuliza.

Mama huyu wa miaka 44 ndiye mtunzaji wa barua pepe wa chuo kimoja cha uuguzi. Kwa miaka kumi na moja, seva yake imefuata adabu za kwao. Huku kumwambia mgeni "hapana" mlangoni ni aibu. Atakaribishwa, atamiminiwa kahawa, kisha aambiwe, "Haya, kesho." Mkuu wa chuo, Ato (yaani Bwana) Demissew, aliagiza seva nayo iwe hivyo hivyo: ipokee kila barua, hata ya mtu ambaye hayupo tena.

"Barua si mgeni, Gashe," Woinshet humwambia, kwa heshima ya kaka mkubwa. "Mgeni akikaa sana, ataona mwenyewe kuwa mwenyeji hayupo. Barua haina macho."

Mwezi uliopita pekee, barua 212 zilipokewa namna hiyo, zikafia ndani kimyakimya. Kuzirudisha baadaye nako ni balaa, kwani matapeli huandika anwani za watu wengine kama za watumaji, na marudisho humwangukia asiyehusika. Dawa, anasema Woinshet, ni kukataa pale pale mlangoni.

Zeyneba Hussien, muuza injera, mkate wa huko, aliyajua hayo kwa uchungu. Alituma maombi ya masomo kwa ofisa aliyekwisha kustaafu. Seva ikapokea. Akangoja wiki sita.

"Nilijua imefika, maana haikurudi," anasema. Nafasi zikafungwa, mwaka ukampita.

"Alipokuja kuuliza, nilikosa pa kuficha uso," anasema Woinshet.

Juzi Ato Demissew akalegea. "Jaribu wiki moja. Lakini wakinitukana, nakutaja wewe!"

"Nitaje, Gashe. Na jina la baba yangu ulitaje."

Simu inalia. Mwanamume anafoka hadi sauti inasikika chumba kizima: "Chuo gani hiki kisicho na haya? Mmenirudishia barua usoni, hata dakika haijaisha!"

Woinshet anacheka, anamwomba radhi, anamtajia anwani iliyo hai. Mtu yule anatuma tena. Safari hii barua inafika.

Maombi mapya yatapokewa Meskerem, mwezi wa mwaka mpya wao. Woinshet anataka wiki ile moja ya majaribio irefushwe hadi hapo, kwani Zeyneba ataomba tena.

"Akikosea anwani, akataliwe hapo hapo, anipigie akiwa na hasira zake zote," anasema. "Anitukane tu, mradi aingie darasani."