Maksai wa Wanaume Wawili

Kama kulala kungekuwa kazi ya mshahara, Gatjang angekuwa tajiri wa kambi nzima ya Kakuma. Aliamka jua limeshapanda, akanywa uji, akahamia upande wenye kivuli, akalala tena. Chakula hakukidharau, maana mwili haujengwi kwa matofali. Mkewe Nyaruach, aliyekuwa sokoni akikaanga mandazi tangu alfajiri, alirudi na kumkuta pale pale alipomwacha.

Na Nyaruach si mwanamke wa kunyamaza. "Baba Yak," alimwambia, "hata ukuta una kazi. Unashikilia paa."

"Basi niegemezee nyumba," Gatjang alijibu, akageukia upande wa pili.

Tucheke, lakini Nyaruach alikuwa na hofu ya kweli. Gatjang aliyemwoa alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko kwao Sudan, Gatjang akiingia ngomani watu walimpisha, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto. Kijana wa Kinuer akishakuwa mwanamume hupewa maksai na baba yake. Huyo haliwi kwa tamaa ya nyama. Hutungiwa nyimbo, hupindwa pembe ikae anavyopenda mwenyewe, na wenzake wa rika humwita kijana kwa jina la huyo maksai wake. Wa Gatjang alikuwa mweusi mwenye tumbo jeupe. Vita vilipowatimua alimwacha kwa mjomba, na mwaka wa 1995 mgeni akaingia kambini na habari kwamba maksai amekufa kwa ugonjwa. Tangu siku hiyo Gatjang aliwakataza wenzake lile jina. "Mwenye jina amekufa," alisema. Hakuimba tena, hata kanisani.

Nyaruach alijaribu kila dawa. Omollo, afisa wa huduma za jamii na mtu mwema sana, alimwingiza Gatjang kwenye mafunzo ya kushona viatu. Alishona kimoja, cha kushoto, akasema kinatosha. Timu ya mpira ikamtamani kwa urefu wake, ikamweka golini. Mabao yalipita yeye akitazama mawingu.

"Ana chakula, ana paa, ana mke," Nyaruach alilalamika. "Anataka nini tena, jamani?"

Jibu alilijua vizuri. Ila mkimbizi haruhusiwi kufuga ng'ombe, na hata angeruhusiwa, huyo ng'ombe angetoka wapi?

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiturkana, Nakiru, aliyekuwa akileta kuni kutoka kijiji cha Lopur ili Nyaruach ampe mahindi. Asubuhi moja akamkuta Nyaruach amejiinamia mbele ya karai.

"Ejok, Mama Yak. Mbona uso iko hivyo?"

Nyaruach akamsimulia yote, huku akisubiri kuchekwa kama alivyochekwa na wengine. Nakiru hakucheka. Alitua mzigo wa kuni, akaukalia.

"Maksai yake imekufa, na amelala tu? Huyo ni mpole! Mzee yangu, ya kwake ilipokufa, alichukua mkuki akaenda kutafuta simba wapigane. Simba ikakataa."

Walicheka mpaka mandazi yakabadilika rangi. Kisha Nakiru akajifuta machozi. Mzee wake Ebei alikuwa na maksai mwingine sasa, kijana, mzuri ajabu, ila macho ya Ebei yalikuwa yameisha. Walimpeleka mzee hospitali Lodwar, wakaambiwa wamechelewa.

"Pembe moja inaanza kwenda vibaya, inarudi kwa jicho ya ng'ombe," alisema. "Yeye hawezi kuipinda, na hataki mtu ya kubahatisha. Kila siku ananiuliza, leo iko rangi gani? Nasema nyekundu. Anakasirika! Ati mwanamke anaona rangi moja tu."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Mahindi ya siku hiyo Nyaruach aliyapima bila kuyatazama.

Jioni alimwendea mumewe mkekani, akamweleza habari za maksai wa Ebei.

"Ng'ombe wa mtu ni kama mke wa mtu," Gatjang alisema, macho ameyafumba. "Unamsalimu, unaenda zako."

"Nani kakwambia ukamchukue? Mzee wa watu haoni, na pembe inaingia jichoni."

Jicho moja likafunguka. "Pembe ipi?"

"Mimi ni mkaanga mandazi. Nitajuaje?"

"Ya kushoto au ya kulia, Mama Yak?" Alikuwa ameshaketi.

Kesho yake walikwenda Lopur, Nyaruach akimfuata nyuma kama askari, asije akageuka njiani. Ebei alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mkono shingoni mwa maksai. Gatjang alipomwona yule mnyama alisimama ghafla. Nyaruach alimjua mumewe, akaona mabega yakianza kushuka. Akirudi sasa, aliwaza, hatanyanyuka tena kwenye ule mkeka. Alimwomba Mungu kwa sauti ndogo.

"Nani?" Ebei aliuliza.

"Mimi Gatjang."

"Unaona maksai yangu?"

"Naona."

"Basi sema."

Gatjang alisogea karibu. Halafu akamzunguka maksai polepole. "Nyekundu," alianza, na Ebei akakunja uso. "Lakini si nyekundu moja. Shingo ni kama udongo wa mto, mvua ikishanyesha. Mgongo imechanganya nyeupe, ndogo ndogo, kama unga imemwagika. Mguu ya nyuma nyeupe mpaka hapa. Pembe..."

Kiswahili kikamwishia. Akainua mikono juu ya kichwa, wa kulia umepinda kwenda juu, wa kushoto umekunjwa kuja mbele, kama wachezavyo wanaume wa kwao na wa Turkana vilevile. Ndipo akakumbuka kwamba mzee haoni. Akapiga magoti, akaichukua mikono ya Ebei na kuiweka juu ya yake.

Ebei alipapasa kuanzia mabegani, viwiko, mpaka ncha za vidole. Akacheka kicheko ambacho Nakiru hakuwa amekisikia tangu safari ya Lodwar. "Ndiyo hiyo!" alisema. "Ndiyo yeye!"

Kisha, msishangae, wakagombana. Gatjang alitaka pembe ikatwe upande kwa mkuki ili ijipinde, Kinuer. Ebei alitaka igongwe kwa jiwe na kufungwa, Kiturkana. Waligombana mpaka chai ikapoa, wakiwa na furaha tele, na jiwe likashinda.

"Ng'ombe na ngozi ni yangu," Ebei alisema wakiagana. "Jina tutagawana."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu hapo Gatjang alikuwa Lopur kila kukicha, na Nyaruach akapata la kulalamikia upya: "Nilimtaka mume wa kuamka, Mungu akanipa asiyekaa!" Usiku alimsikia akinung'unika maneno. Yote ya ng'ombe, aliwaza, mimi je? Lilimchoma kidogo, hatasema uongo.

Jumapili moja alikuwa akikaanga, wateja wamemzunguka, sauti ikatokea upande wa mto mkavu. Ile ya zamani ya Gatjang, ya kusikika ng'ambo ya mto. Watu wakasimama. Wenzake wa rika wakatoka vibandani wakimwita kwa jina jipya, la maksai mwekundu wa mgongo wa unga, na safari hii hakuwakataza. Alikuja mikono juu, akimsifu maksai, akamsifu mzee anayeona kwa vidole. Halafu akafika kwenye ubeti ambao Nyaruach hakuwahi kuusikia ukinung'unikwa:

"Nani aliyenivuta mkekani?
Ni mama wa Yak, asiyejua kushoto wala kulia,
aliijua pembe iliyoingia jichoni mwangu."

"Mama Yak!" mteja akapiga kelele. "Mandazi yanaungua!"

"Yaache yaungue," Nyaruach alisema, na mwiko akautupa.