Elfu Tano za Shemeji

Bertilla wa kijiji cha Mollo ni mjane anayelima mahindi na ulezi. Dukani huwa anapiga hesabu ya chenji yake kichwani kabla muuzaji hajagusa droo, na kwa sababu hiyo wauzaji wa Sumbawanga humwita msumbufu. Ndivyo anavyoitwa mtu anayeijua haki yake, na wanaomwita hivyo ni wale wanaonufaika asipoijua.

Jumamosi moja aliuza ulezi, akaingia dukani kwa Beda na shilingi elfu arobaini. Jioni hiyo kikundi chake cha wakulima kilikuwa kinafunga michango ya mbolea, elfu kumi na tano kila mwanachama. Asiyetoa anakatwa jina, na mahindi yake yatageuka manjano shambani huku ya jirani yakistawi.

Alichukua mafuta ya kula ya elfu kumi na mbili, kilo mbili za sukari kwa elfu sita, mche wa sabuni kwa elfu tatu na mia tano, na chumvi ya elfu moja. Jumla ikawa elfu ishirini na mbili na mia tano. Akampa Beda fedha zote.

"Chenji yangu elfu kumi na saba na mia tano," alisema.

Beda akamsukumia elfu kumi na mbili na mia tano.

"Imepungua elfu tano."

"Haijapungua, mama. Nimekata deni la Vitus."

"Vitus ni shemeji yangu. Mimi nimekopa nini hapa?"

"Si ukoo mmoja ninyi? Ugali mnakula pamoja, deni likija mnakuwa wageni!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Wizi huu tumeupa jina la desturi, na tunaucheka mpaka utufikie wenyewe. Hesabu ya Beda haikuwa na kosa hata la senti moja. Alichokosea ni mtu wa kumkata.

Bertilla akatoa kilo moja ya sukari kwenye kikapu. "Basi chukua hii, unirudishie elfu tatu."

"Kilichouzwa hakirudi. Soma ukutani, kama unajua kusoma."

Bertilla aligeukia foleni. "Nani anataka kilo ya sukari kwa elfu mbili na mia tano?"

"Lete hapa, dada!" alisema Naima, muuza maandazi. "Kwa Beda ni elfu tatu, na matusi juu!"

"Nani amekuruhusu kuuza dukani kwangu?" Beda alifoka.

"Na wewe nani amekuruhusu kunidai madeni ya wanaume?"

Elfu kumi na tano zikatimia. Jioni Bertilla alimkabidhi mweka hazina wa kikundi, Luciana, na jina lake likabaki.

Vitus alipoelezwa yaliyotokea, alifurahi sana kwamba deni lake limepungua. Jumatatu alirudi kwa Beda kukopa tena. Akapewa.