Tulipomwambia Kokoo Asubiri Mto

Enzi zetu pale Noonkopir, hapa Kitengela, swali la dini halikujibiwa mpaka Biblia zote zifunguliwe. Nasema zote kwa sababu kanisa letu la mabati lilikuwa la watu waliotoka kila upande. Sisi Wakamba tulikuja na ya Kikamba. Akina Mzee Kariuki walikuja na ya Kikikuyu. Majirani zetu Wamaasai walikuwa na Agano Jipya la lugha yao, na katikati ya meza ilikaa ile ya Kiswahili, kubwa, nyeusi, mgongo wake umegandishwa kwa gundi ya viatu. Mtu akiuliza jambo, mstari ulisomwa kwa kila lugha, na zikitofautiana hata kwa neno moja, hakuna aliyekwenda nyumbani. Watoto tulikuwa tunasinzia kwenye benchi, njaa inatuuma, na harufu ya muthokoi wa Mama, mahindi ya kukoboa na maharagwe, tunaisikia kichwani tu, huku wazee wakibishana.

Nayasema haya nikiwa nimechoka. Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa darasa la ubatizo, hapa hapa Kitengela, na wanafunzi wangu hawafungui kitu. Wana simu. Juzi niliuliza kwa nini tunashiriki meza ya Bwana, na kabla sijafunga mdomo kijana mmoja alikuwa ameshaanza kusoma jibu refu, safi, limepangwa vizuri kabisa, na hakujua limetoka Agano la Kale au Jipya. Nikamwambia atafute kwenye Biblia mstari uliotajwa humo, kisha asome na ule ulio juu yake. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia shangazi aliyepotea stendi.

"Teacher, si verse iko clear? Hiyo ingine ni ya nini sasa?"

Mama angekuwepo, huyo angelala njaa. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, na kanuni yake ilikuwa moja: "Soma wa juu yake, soma wa chini yake, halafu ndio unitazame." Alitufanyisha mchezo wa upanga. Akisema "chomoa," tunainua Biblia juu ya vichwa, anataja mahali, na wa kwanza kufika anasoma. Lakini kusoma hakukutosha. Ilibidi useme ni nani anayenena, ananena na nani, na kwa nini amekasirika. Ukikosa, unakaa chini na mwenzako anaendelea. Leo kuna duka la vifaa vya ujenzi barabarani limeandikwa ukutani, kwa rangi nyekundu, yale maneno ya mwanzo mdogo na mwisho mkubwa. Kila nikipita natamani kuingia nimwulize mwenye duka kama anajua aliyeyasema ni yule rafiki wa Ayubu, mmoja wa wale ambao Mungu aliwakemea baadaye kwa kusema ovyo. Lakini nitaingia maduka mangapi?

Jumamosi mchana tulikuwa tunacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye uwanja wa kanisa mpaka vumbi linatukaa kooni. Kitengela ilikuwa nyika bado. Pundamilia walipita nyuma ya choo cha kanisa bila haraka, na hakuna mtu aliyesimama kuwapiga picha. Baba alirudi kutoka kiwanda cha saruji na nyusi nyeupe, akanawa, akaketi nje na redio. Na saa hizo ndipo Kokoo Nasieku alipokuwa akitokea.

Kokoo, yaani nyanya kwa Kimaasai, alikuwa mjane, mzee, mrefu, mwenye boma ng'ambo ya mto wetu. Tulimsikia kabla ya kumwona, kwa mlio wa shanga zake. Tulikimbia kumwinamishia vichwa naye akavigusa kimoja kimoja kwa kiganja kinachonukia moshi na maziwa, hata vichwa vya watoto wa Mzee Kariuki ambao mwanzoni walidhani anataka kuwapiga. Alimletea Mama kibuyu cha maziwa, akaketi, akauliza maswali. Hakujua kusoma. Mama naye alikuwa amejifundisha kusoma Kimaasai herufi kwa herufi, kwa ulimi wa Kikamba, bila kuelewa nusu ya anachosoma. Kokoo alicheka mpaka akashika mbavu, akamrekebisha, kisha akasikiliza.

Maswali yake yalikuwa mazito. Aliuliza kama Mkristo anaruhusiwa kunywa damu ya ng'ombe, kwa maana kwao mwanamke aliyejifungua hupewa apate nguvu. Biblia zikafunguliwa zote. Mitume walikuwa wamewaandikia watu wa mataifa wajiepushe na damu, na kila lugha ilisema vilevile. Mama hakumpaka mafuta. Alimwambia imeandikwa hivyo na hawezi kuipaka sukari. Kokoo akaondoka. Jumapili iliyofuata akasema ameacha, na hata binti zake amewaambia. Hakutuuliza tena.

Ndiyo maana ninakasirika hadi leo. Mtu aliyekuwa tayari hivyo, alitaka kitu kimoja tu kwetu. Alitaka kubatizwa.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mto ulibaki mchanga na mawe, mbuzi wakilala ndani yake mchana. Kanisa letu lilibatiza kwa kuzamisha, na maji pekee ya kumtosha mtu mzima yalikuwa kwenye birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, kando ya kisima cha boma la Kokoo. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja. Wanawe walikubali ng'ombe wasubiri asubuhi moja, na anayewajua Wamaasai wakati wa kiangazi anajua hilo si jambo dogo.

Pasta alikuja kutoka Kajiado kwa pikipiki, na kikao kikakaa baada ya ibada. Mzee Kariuki ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa, na kiwanja cha kanisa kilikuwa chake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Alikuwa amebatizwa ujanani kwao, kwenye mto baridi wa milimani, akatoka majini akaacha pombe siku hiyo hiyo na hakuirudia. Basi aliamini ni lazima maji yawe yanatembea.

"Yesu alienda mto," akasema. "Hakuenda kwa birika ya ng'ombe."

Mama akafungua habari za yule mtu wa Kushi aliyekuwa safarini, akaona maji njiani, akauliza ni nini kinamzuia asibatizwe. Ikasomwa kwa lugha zote. Mama akasema hapo hapajatajwa mto. Mzee Kariuki akaomba isomwe tena, wa juu na wa chini, kama Mama alivyotufundisha, akaweka kidole mahali walipoteremka majini wote wawili. Kwa birika mtu hateremki, akasema, anapanda. Nakumbuka watu wazima, wenye akili zao, wakapoteza saa nzima wakijadili kupanda na kuteremka, mabati yakitukaanga juu ya vichwa.

Kokoo alikuwa ameketi benchi ya mbele. Kisha akamgeukia Mama, si Mzee Kariuki, akamwita kwa jina langu.

"Mama Mueni, hii mdomo ya ng'ombe iko na makosa gani? Si mlinisomea Mungu aliweka mtoto yake mahali ng'ombe inakulia?"

Nilimwona pasta akiinamisha uso kuficha tabasamu. Mama alicheka waziwazi. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta viatu vyangu chini ya benchi. Lakini Mzee Kariuki akasema kwa upole kabisa kwamba horini mtoto alilazwa, hakubatizwa. Pasta, aliyeogopa kanisa lisipasuke na kiwanja kisirudi kwa mwenyewe, akatoa uamuzi. Tusubiri. Mto ukijaa, Kokoo atabatizwa wa kwanza. Watu wote wakasema amina. Mama pia alisema.

Kwa hiyo Kokoo akasubiri. Kila Jumapili alivuka ule mto mkavu kuja kanisani, na tukimkimbilia na kumwuliza, alijibu "bado," akatugusa vichwa, akaingia. Wakati wa meza ya Bwana alibaki ameketi nyuma na sisi watoto, kwa sababu asiyebatizwa hakuruhusiwa. Mwanamke mwenye wajukuu wasiohesabika anakaa na watoto wa nasari, anatazama mkate ukipita. Nilikuwa mdogo lakini niliona aibu, na sikujua ninaona aibu ya nani.

Kisha akaanza kukohoa. Binti yake aliyeolewa kule Matasia akaja kumchukua ili awe karibu na hospitali. Alimuaga Mama, akasema mto ukijaa aitwe, atakuja hata kwa kubebwa. Hakuitwa. Alizikwa kabla ya mvua, na mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, mto ukanguruma siku kadhaa hata tusivuke. Nilimwona Mzee Kariuki amesimama ukingoni, kofia mkononi, ananyeshewa. Mwaka uliofuata alijenga tangi la saruji nyuma ya kanisa kwa mikono yake, na hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza kama ndani yake mtu anapanda au anateremka.

Mimi nilikuwa na swali langu. Nikamwuliza Mama jikoni, akichambua maharagwe, kama Kokoo amefika mbinguni, na imeandikwa wapi. Aliacha maharagwe, akanawa mikono, akafungua Biblia. Hakukimbilia jibu. Alisoma kimoyomoyo mpaka maji ya jikoni yakachemka yakakauka. Ndipo akanisomea habari za yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu, ambaye hakuna aliyembatiza, na bado akaahidiwa peponi siku ile ile. Nilifurahi sana. Nikasema basi Kokoo amefika. Mama hakufurahi.

"Kokoo sina wasiwasi naye," akasema. "Yule mwizi alikuwa amepigiliwa misumari, hakuwa na njia. Kokoo alikuwa na maji, na alikuwa na sisi. Mstari wake nimeuona. Wetu ndio bado natafuta."

Alitafuta miaka mingi. Nilimkuta mara nyingi meza ya jikoni na zile Biblia zote, hata baada ya macho kumchoka, na watu walipomletea maswali alizoea kusema "hapo sijui, bado nasoma." Mwalimu wa dini kusema hajui. Mimi leo nikisema hivyo darasani, wanafunzi wanadhani simu yangu imeisha chaji.

Ubatizo wetu sasa ni kwenye bwawa la hoteli, maji vuguvugu, fulana zinazofanana, na kamera inayoruka juu ikivuma kama nyuki. Sina ugomvi na maji vuguvugu. Ugomvi wangu ni na lile grupu la kanisa kwenye simu. Wiki iliyopita Sharon, msichana mpole wa darasa langu, aliandika kwamba shosho yake, yaani nyanya yake, hawezi kutoka kitandani na anataka kubatizwa kabla hajaaga dunia. Akauliza kama inaweza kufanyika nyumbani, hata kwa beseni.

Majibu yalimiminika kabla sijavaa miwani. Mmoja akatuma mstari. Mwingine akatuma mstari wa kuupinga. Mwingine video ya mhubiri wa ng'ambo. Mwingine akasema kunyunyiza si ubatizo, mwenzake akamwuliza imeandikwa wapi, wakaanza kutukanana kwa heshima za Kikristo, mpendwa huku, mpendwa kule. Watu wakaweka vidole gumba. Nilisubiri mpaka jioni mtu aulize shosho huyo anaishi wapi. Hakuna. Nikampigia Sharon, nikamwuliza shosho anaitwa nani.

"Teacher, anaitwa Wanjiru. Anakaa na sisi Rongai. Hakuna mtu ameniuliza hiyo."

Nikampigia pasta wetu wa sasa, kijana, nikamwambia twende Jumamosi na beseni. Akaniambia ni wazo zuri, lakini niliweke kwanza kwenye grupu watu wachangie maoni. Nilikata simu kabla sijasema neno la kunifungia mbingu. Jumamosi naenda Rongai, yeye akipenda aje.

Enzi zetu tulikuwa wazito na wabishi, na tulimkosea Kokoo vibaya. Lakini tulimkosea tukiwa tumeketi naye benchi moja, tumekunywa maziwa yake, kiganja chake kimegusa vichwa vyetu, na alipokufa kuna mtu alisimama mvuani na kuna mwingine alikosa usingizi miaka na miaka. Wanjiru wa Rongai ana majibu mengi kwenye simu ya mjukuu wake. Mlangoni kwake bado hakuna aliyebisha hodi.