Shimo la Steji ya Nne pale Nyololo

Hadithi za mizimu nazidharau. Nusu ya wanaozisimulia walikuwa wamelewa, waliobaki wanatafuta tu wa kuwasikiliza. Hii yangu ilinipata mchana, nikiwa nimekunywa chai ya rangi, na ushahidi wake ni kwamba mpaka leo sijafika Ilula.

Nimekulia kwenye mabanda ya gemu ya Mwanjelwa, Mbeya, enzi za kaseti unazopuliza vumbi kabla ya kuzichomeka. Zile gemu za kukimbia na kuruka tulizijua kama nyumba zetu. Kila ukuta tuliugonga kwa kichwa kutafuta chumba kilichofichwa. Vijana wa leo wanaiuliza simu, simu inawajibu, halafu wanajiita wachezaji. Sisi tulikuwa na sheria: mtu akikwama anaomba umvushe, na ukishaishika pedi yake ya kuchezea huiachii mpaka uvuke.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda kwa mama yangu Ilula. Anauza nyanya barabarani, miguu imeanza kumkataa, na alitaka anione angali anasimama. Basi likaharibika Nyololo. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliyeinama kwenye injini nilisikia matusi yake tu. Nikaingia kwenye kibanda cha chai kukwepa baridi.

Ndani kulikuwa na mama mwenye kibanda akimenya viazi, TV ya kichogo, na mwanamume wa umri wangu, koti limelowa, anacheza gemu ile ile ya utoto wangu.

Anacheza vibaya, niamini. Steji ya nne ina shimo. Anakimbia, anaruka, anatumbukia. Anaanza upya, anatumbukia. Juu ya shimo kuna sarafu zinazoteremka kuelekea ndani, naye hata hazitazami. Nani asiyejua kwamba mtengenezaji wa gemu hapangi sarafu bure?

"Kaka, macho unayo ya kazi gani?" nikamwuliza.

"Kamwene," akanisalimia kwa salamu ya huko, bila kugeuka. "Gumu shimo hili."

"Gumu kwako. Lete hapa nikuvushe."

Mama akaacha kumenya. "Baba, umeombwa?"

Sikuwa nimeombwa. Nikaichukua pedi. Ilikuwa ya baridi kama imetolewa mtoni. Nikazifuata sarafu, nikatumbukia makusudi nikiwa nimebana ukuta wa kushoto, na chumba kikafunguka. Nikacheka. Halafu nikakiangalia vizuri. Ukungu. Barabara. Basi limesimama, kijitu kimeinama kwenye injini. Kibanda, na ndani yake kijitu kimekaa, kimeshika pedi. Niligonga kila ukuta wa chumba kile. Hakikuwa na pa kutokea.

Yule mwanamume akasimama, akajinyoosha kama aliyeshuka kwenye safari ndefu. "Asante, kaka," akasema, akapita kwenye ukuta wa mbao, upande usio na mlango. Mbao hazikutikisika.

"Ulijiona fundi," mama akaniambia, akarudi kwenye viazi vyake.

Basi lilipopona nikapanda, nikasinzia. Nilipoamka tulikuwa tunaingia Nyololo. Nimejaribu lori, pikipiki, hata miguu. Ukungu unashuka, na ukiinuka niko mbele ya kibanda. Mama yangu hupiga simu. "Mwanangu, Ilula imekuwa mbali kiasi hicho?" Namwambia nakuja. Siku hizi nyanya anauzia mlangoni, amekaa.

Kwa hiyo nami nacheza, natumbukia makusudi. Vijana huingia kuchaji simu. Jana mmoja alisimama nyuma yangu. "Anko, mbona unakufa pale pale kama mbuzi?" Nikasubiri anyooshe mkono aichukue pedi. Akatoa simu, akanirekodi, akaenda zake anacheka. Kizazi cha ovyo. Hata kumdharau mtu hawajui kufika mwisho.

Ukipita Nyololo ukamkuta mtu mzima anatumbukia kwenye shimo lile lile, kunywa chai yako uondoke. Nakuonya leo kwa sababu uko mbali. Ukishaingia kibandani sitakuonya.