Pacha Aliyezaliwa Peke Yake

Mtaa wetu ulimpa Pacha jina kabla hajazaliwa. Tumbo la mama yake lilikuwa kubwa hata bibi wa duka la kona akaapa kuwa humo mna wawili, na mtaa ukishaapa jambo haurudi nyuma. Mama akaanza kuitwa Mama Pacha. Siku ilipofika akajifungua mtoto mmoja, mnene, mwenye sauti ya kutosha watoto watatu. Wazazi walimpa jina zuri sana, likabaki kwenye cheti. Sisi tulikuwa tumeshazoea.

Alipokua akawa msusi, akafungua kibanda chini ya dirisha langu, ndiyo maana nayajua haya yote. Mikono yake ni myepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Mteja akitikisa kichwa anaposukwa, atajuta kuja. Na kila mgeni akisikia anaitwa Pacha, huuliza swali lilelile: mwenzako yuko wapi? Zamani alikuwa akiwafokea. Baadaye akachoka, akawa anajibu tu, "Yupo."

Basi akahamia fundi wa friji ng'ambo ya njia, kijana mtulivu, ila redio yake ilisikika mtaa mzima. Pacha akavuka, chanuo mkononi, akamwambia kama yeye amepoteza masikio, asiwapotezee na wenzake. Fundi akazima redio, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomponza Pacha. Kesho yake akampelekea chai, sauti imelegea kama uji.

"Kaka, samahani. Jana ulikutana na mwenzangu. Yule ana mdomo."

Tangu hapo ikawa upole mtupu, miezi na miezi. Fundi akisema jua kali, ni kali. Akisema si kali, si kali. Nikiwa dirishani nilitamani kumzaba Pacha kofi. Na kila siku fundi, akishashukuru chai, aliuliza, "Na mwenzako hajambo?" Pacha akaanza kumwonea wivu dada asiyekuwepo.

"Sijui anamtakia nini yule asiye na adabu," aliniambia, machozi yakimlengalenga. Nilicheka, kisha nikaona kweli anaumia.

Fundi alipokuja nyumbani kwa kina Pacha akiwa na shangazi yake, nilikuwepo. Niliitwa kusaidia kubeba vikombe. Pacha alikuwa ameketi kando ya mama yake, kichwa amekiinamisha, mpole hadi kuudhi.

"Mama," fundi akasema, "huyu dada namheshimu sana. Lakini nimekuja kwa ajili ya yule mwingine."

"Mwingine yupi?" Mama Pacha akauliza. "Mimi nimezaa mmoja, mwanangu, na huyo mmoja amenitosha."

Fundi akamtazama Pacha. Pacha akatazama sakafu. Fundi akaelewa, uso ukambadilika. "Kumbe nimechezewa," akasema, akamwashiria shangazi yake wanyanyuke.

Hapo Pacha akasimama.

"Wewe, kaa chini. Chai ya watu umeiacha nusu, unakwenda wapi? Miezi yote hii nakunyenyekea mpaka shingo inaniuma. Nimekubali hata kwamba ile rangi ya kibanda chako inapendeza. Haipendezi. Inatia kichefuchefu, na mtaa mzima unasema hivyo, ila wanayaonea huruma hayo macho yako."

Fundi akakaa. Akachukua kikombe.

"Ndiye huyu, shangazi," akasema.

Shangazi, ambaye alikuwa ameshaanza kumpenda yule mpole, akaomba maji ya kunywa.